Kiongozi Haandaliwi Hotelini

Mwajiri wa Tanzania anayeombea mgeni kibali cha kazi hutakiwa kueleza jambo ambalo wengi hulijaza harakaharaka: Mtanzania gani ataandaliwa kuirithi kazi hiyo, na kwa njia gani. Sheria ya mwaka 2015 inayoratibu ajira za wageni ndiyo iliyolifanya kuwa sharti, na kanuni za madini za mwaka 2018 zikalirudia kwa wawekezaji wa migodi. Hapo ndipo mshauri elekezi wa rasilimali watu anapopigiwa simu. Anakuja na jedwali: safu ya kwanza cheo cha mgeni, ya pili jina la mzawa, ya tatu orodha ya kozi, ya nne tarehe ya kukabidhiana ofisi. Likishagongwa muhuri, jedwali hulala kabatini hadi kibali kitakapokaribia kwisha muda.

Ifakara iliufanya urithishanaji huo bila jedwali, na kwa muda mrefu kuliko mpango mkakati wowote unavyoruhusu. Mwaka 1949 mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, Rudolf Geigy, alifika katika mji huo wa kando ya mto Kilombero, ambako wamisionari Wakapuchini kutoka Uswisi walikuwa na misheni na huduma ya tiba. Alivutiwa na mbu, mbung'o, papasi na magonjwa wanayoyaeneza. Mwaka 1956 Taasisi ya Tropiki ya Uswisi ikaanzisha hapo maabara yake ya utafiti, na mwaka 1961 kikafunguliwa kituo cha kufundisha wahudumu wa tiba, kwa fedha za taasisi hisani iliyoundwa na kampuni za dawa za Basel. Kwa miongo mitatu na zaidi waliokalia kiti cha mkurugenzi wa maabara walikuwa watu wa kutoka Uswisi. Mmoja wao, Marcel Tanner, aliishi Ifakara miaka ya 1980 na baadaye akaja kuiongoza taasisi mama kule Basel.

Miaka ya 1990 kiti kikabadilika. Andrew Kitua, daktari Mtanzania, akakiongoza kituo. Baadaye akaenda kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Mwaka 1996 kituo kikasajiliwa kujitegemea chini ya udhamini wa Kitanzania. Hassan Mshinda akashika usukani, kisha akahamia kuongoza Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Mwaka 2008 jina likawa Taasisi ya Afya Ifakara, na walioiongoza baadaye ni pamoja na Salim Abdulla, aliyejulikana kwa majaribio ya chanjo ya malaria kule Bagamoyo, na Honorati Masanja, mtaalamu wa takwimu za idadi ya watu na vifo. Tawi la maabara ya kigeni katika mji ambao wakati huo haukuwa na barabara ya lami likawa limetoa wakuu wa taasisi mbili za kitaifa. Chuo cha uongozi chenye rekodi ya namna hiyo kingeiandika kwenye kila kipeperushi chake.

Ni rahisi kusema siri ilikuwa ufadhili wa masomo. Lakini Tanzania imejaa watu waliosomeshwa Ulaya wakarudi wakakuta meza haipo. Tofauti ya Ifakara ilikuwa kazi yenyewe. Kuanzia mwaka 1996 kituo kilianza kufuatilia kaya katika vijiji vya Kilombero na Ulanga: nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mgeni wa miezi mitatu. Inataka wasimamizi wanaojua kwamba msimu wa kilimo ukifika familia nzima huhamia mashamba ya mbali bondeni na nyumba ya kijijini hubaki tupu. Wakati huohuo mradi wa KINET ulikuwa ukisambaza vyandarua na dawa yake kwa kuuza, si kugawa bure, na matokeo yake yalisaidia kujenga hoja ya mpango wa taifa wa vyandarua. Kijana aliyepewa kusimamia mradi wa aina hiyo alijikuta akiajiri, akisuluhisha ugomvi wa madereva, akitetea bajeti mbele ya wafadhili na kuomba radhi kwa mwenyekiti wa kijiji, yote ndani ya wiki moja. Shahada ya uzamivu aliiandika kutokana na takwimu zilezile za bondeni, na alipoimaliza alikuwa na mahali pa kurudi.

Mfano wa karibuni zaidi ni wa Fredros Okumu, Mkenya aliyesoma Chuo Kikuu cha Moi, akafika Ifakara akiwa mtafiti kijana. Aliwachunguza mbu katika vibanda vya majaribio vya bondeni, akapata shahada ya uzamivu kupitia chuo cha tiba za tropiki cha London mwaka 2012, na baadaye akawa Mkurugenzi wa Sayansi wa taasisi. Katika kijiji cha Kining'ina, nje kidogo ya mji, kuna eneo la utafiti linaloitwa Mosquito City, lenye mabanda makubwa ya wavu ambamo mbu hufugwa na kuchunguzwa. Vijana wengi wa Kitanzania walioanza hapo kama mafundi wa maabara wameendelea hadi shahada za juu.

Hata hivyo hesabu ya Ifakara ina madoa, na anayeiuza kama kielelezo afaa ayataje. Kutoka maabara ya kwanza hadi mkurugenzi Mtanzania ilipita miongo kadhaa; hakuna mwekezaji atakayesubiri hivyo, wala sheria ya vibali isingemruhusu. Fedha nyingi bado hutoka nje, na mkuu wa taasisi kama hiyo hutumia sehemu kubwa ya mwaka akiandika maandiko ya kuomba ruzuku. Na majina yote ya wakuu waliotajwa hapa ni ya wanaume.

Pengo hilo la mwisho ndilo lililozaa programu mojawapo inayojulikana zaidi nchini. Chama cha Waajiri Tanzania, ATE, huendesha Female Future, programu ya kuwaandaa wanawake kwa nafasi za juu za menejimenti na ujumbe wa bodi. Mbegu yake ilitoka Norway, ambako shirikisho la waajiri liliianzisha mwaka 2003, wakati nchi hiyo ikijiandaa kulazimisha kampuni kuwa na asilimia 40 ya wanawake kwenye bodi. Hapo kuna jambo ambalo wanaoiga programu hulisahau. Norway ilikuwa na sheria iliyokuwa inafungua viti, na kozi ikatafuta wa kuvikalia. Tanzania ina kozi, lakini sheria ya namna hiyo kwa kampuni binafsi haina, hivyo mhitimu hurudi ofisini na cheti akisubiri mwanamume fulani astaafu.

Soko la kuandaa viongozi kitaifa limepanuka kweli. Taasisi ya Uongozi ilianzishwa mwaka 2010 kwa ushirikiano wa serikali za Tanzania na Finland, chini ya Joseph Semboja, na hutoa stashahada ya uzamili ya uongozi ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Aalto. ESAMI ya Arusha imekuwa ikifundisha mameneja wa kanda tangu 1980. Kibaha kuna Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyofunguliwa mwaka 2022 na kumilikiwa kwa pamoja na vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, CCM kikiwa mwenyeji. Na mkoani Morogoro kwenyewe kuna Mzumbe, pengine yenye historia ya kuvutia kuliko zote: ilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa ya mkoloni, kuwafundisha machifu na makarani wao. Machifu waliondolewa kisheria mwaka 1963. Shule ikabaki, ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972 na chuo kikuu mwaka 2001. Ukiingia ofisi ya utumishi ya halmashauri yoyote nchini, uwezekano wa kumkuta mhitimu wa Mzumbe ni mkubwa sana.

Kwa nini basi malalamiko ni yaleyale, kwamba watu wanafunzwa na ofisi hazibadiliki? Sababu moja ni jinsi mafunzo yanavyolipiwa. Mwaka 2012 shirika la misaada la Norway, Norad, lilichapisha utafiti kuhusu posho katika Tanzania, Ethiopia na Malawi. Ulithibitisha kile ambacho kila karani alikijua: posho ya semina imekuwa sehemu ya kipato, na ratiba za ofisi hupangwa kuifuata. Serikali ya John Magufuli ilipobana semina za hotelini kuanzia mwishoni mwa 2015, wenye kumbi walilia kuliko waliokosa elimu. Mshauri anayelipwa kwa idadi ya siku za warsha hana sababu ya kupendekeza jambo lisilo na warsha.

Sababu nyingine ni kipimo. Mmarekani Donald Kirkpatrick alipendekeza mwaka 1959 kwamba mafunzo yapimwe kwa ngazi nne: washiriki wameyapenda, wamejifunza, wamebadili mwenendo kazini, na shirika limepata matokeo. Zaidi ya miaka 60 baadaye, ripoti nyingi huishia ngazi ya kwanza, ile fomu inayojazwa siku ya mwisho huku watu wakisubiri kusaini karatasi ya nauli. Kituo cha Greensboro, Marekani, kinachojishughulisha na uongozi ndicho chimbuko la ile kanuni maarufu kwamba asilimia 70 ya kujifunza hutokana na kazi ngumu, 20 kwa watu wengine na 10 darasani. Tarakimu hizo zilitokana na mahojiano na mameneja waliofanikiwa, si kipimo cha maabara, na hazistahili kunukuliwa kama kanuni ya fizikia. Mwelekeo wake lakini hauko mbali na kilichotokea Ifakara. Ajabu ni kwamba wanaoinukuu katika maandiko ya zabuni huendelea kuuza ile asilimia 10 peke yake.

Bonde la Kilombero lenyewe liliwahi kujaribu kuandaa viongozi wa ngazi ya chini kabisa, na jaribio hilo lafaa kusomwa na kila anayetaka kazi ya ushauri. Mradi wa Connect, wa Taasisi ya Afya Ifakara, Chuo Kikuu cha Columbia na wizara ya afya, ulianza mwaka 2011 katika wilaya za Kilombero, Ulanga na Rufiji. Vijiji vilichagua vijana wao wenyewe. Walifunzwa miezi tisa mjini Ifakara, wakarudishwa nyumbani wakiwa na mshahara, si posho ya hisani, na wakaitwa WAJA, yaani Wawezeshaji wa Afya ya Jamii. Uteuzi ulikuwa mzuri, mafunzo yalikuwa marefu, kijiji kilimjua mtu wake. Tathmini ya mwisho hata hivyo haikuonyesha kwamba vifo vya watoto vilipungua kwa ujumla wake kuliko katika vijiji visivyo na WAJA. Moja ya vikwazo vilivyotajwa ni dawa na vifaa kuwaishia mikononi. Kiongozi wa kijiji anayefika nyumba yenye mtoto mwenye homa akiwa na begi tupu hupoteza heshima haraka, hata angefunzwa miaka mitatu. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kitaifa unaolenga kuwa na wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 137,000. Fedha za bohari ya dawa zitaamua mengi zaidi kuliko mtaala wao.

Anayefikiria kuishi kwa kazi hii ya ushauri wa rasilimali watu anafaa ajue kwamba mafunzo ya uongozi ni kipande kidogo cha kapu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo nchini ililetwa na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimfanya mwajiri aliyezoea kusema "kesho usije" ajikute mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi akitafuta kumbukumbu za onyo ambazo hakuwahi kuziandika. Ghafla mikataba, kanuni za nidhamu na vikao vya kusikiliza mashauri vikawa bidhaa. Mwaka 2014 kanuni mpya ziliwakataza mawakala binafsi kuwa waajiri wa wafanyakazi wanaowapeleka kwenye kampuni nyingine. Biashara ya kukodisha watu ikayumba, na baadhi ya kampuni zikageukia usaili, upimaji wa vyeo na tafiti za mishahara. Uhakiki wa vyeti uliofuata serikalini, uliotangaza watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi mwezi Aprili 2017, uliwafundisha waajiri binafsi nao kuuliza maswali kabla ya kuajiri.

Njia ya kuingia si ya siri. Wengi husoma Mzumbe, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Taasisi ya Ustawi wa Jamii, ambayo tangu 1973 imekuwa karibu na masuala ya mahusiano kazini. Huanza kama maafisa utumishi, miaka ya kupanga ikama, kufuatilia likizo na kuandika barua za kupandishwa vyeo. Mshauri ambaye hajawahi kukaa upande huo wa meza hutambulika mara moja: anapendekeza muundo wa taasisi ambao hauwezi kupita ofisi ya utumishi. Kenya imeenda mbali zaidi kwa kuifanya fani hiyo kuwa ya leseni, kupitia sheria ya mwaka 2012 inayowasajili wataalamu wa rasilimali watu. Lakini kuingia si kudumu: wengi waliokuwa wakitegemea miradi ya Wamarekani waliamka vibaya mwaka 2025, shirika lao la misaada, USAID, lilipofungwa na mikataba ya ushauri kukatwa katikati.

Serikali ndiye mteja mgumu zaidi na pia mkubwa zaidi. Mwaka 2004 ilileta MWAMTUKA, mfumo wa wazi wa kupima utendaji kazi, ambamo mtumishi na msimamizi wake wangekubaliana malengo kila mwaka. Fomu zilijazwa kwa wingi wakati wa kupandishwa madaraja na kusahauliwa baada ya hapo. Sasa umekuja mfumo wa kielektroniki, PEPMIS. Kompyuta itarahisisha ujazaji. Kama mkuu wa idara ataitumia kumwambia mtu ukweli ni suala jingine. Halmashauri za bondeni zina shida ya kipekee hapa. Ulanga iligawanywa ikazaliwa Malinyi, na iliyokuwa Kilombero sasa ina Halmashauri ya Mji wa Ifakara na ile ya Mlimba. Kila mgawanyo uliongeza viti vya wakuu wa idara bila kuongeza watu walioandaliwa kuvikalia, na jibu la kawaida nchini ni kukaimisha. Kukaimu kungekuwa shule bora ya uongozi kuliko zote, kwa kuwa mtu hupewa kazi halisi chini ya macho ya wenzake. Tatizo ni kwamba kaimu mara nyingi hupewa lawama zote za kiti na nusu ya mamlaka yake, na miezi sita inayotajwa na kanuni hugeuka miaka.

Reli ya TAZARA, inayolikata bonde kupitia Mang'ula, Ifakara na Mlimba, inaonyesha upande mchungu wa hadithi hii. Wachina walioijenga kati ya 1970 na 1975 walifundisha mafundi wakiwa kazini, na vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa China kusomea reli. Karakana ya Mang'ula ilikuwa darasa la chuma na moto. Watu waliandaliwa, na viti walipewa. Walichokosa ni vipuri, mtaji wa kuendeshea na uhuru wa kuamua bila kusubiri serikali mbili, na mwaka 2025 ukasainiwa mkataba wa kuipa kampuni ya Kichina uendeshaji kwa miaka 30. Shamba la mpunga la Kilombero Plantations pale Mngeta nalo lilifundisha maelfu ya wakulima kilimo shadidi na kulea mameneja wa Kitanzania, kisha mwaka 2019 likaangukia mikononi mwa msimamizi wa wadai wake. Elimu haikufutika, lakini timu ilitawanyika.

Kwenye miwa ndiko kazi isiyo na mwenyewe iliko. Kiwanda cha sukari cha Kilombero, kilichouzwa kwa Illovo mwaka 1998 serikali ikibaki na asilimia 25, kina idara yake ya rasilimali watu na Chuo cha Taifa cha Sukari kipo jirani, Kidatu. Hakikosi washauri. Lakini sehemu kubwa ya miwa hutoka kwa wakulima wa nje, na hao huongozwa na bodi za vyama vyao vya ushirika, AMCOS, zinazochaguliwa na mkutano mkuu: mwalimu mstaafu, mwenye duka, mkulima mwenye sauti. Watu hao hujadiliana na kampuni ya kimataifa kuhusu kiwango cha sukari kwenye muwa, hupanga zamu ya nani akatiwe kwanza, huajiri mhasibu na kumsimamia. Vyama vyao vimewahi kugawanyika na kuzaliana kwa sababu ya ugomvi wa zamu na mapato. Hakuna kundi bondeni linalohitaji zaidi mtu wa kukaa nalo msimu mzima wa uvunaji, kuandika maelezo ya kazi ya meneja, kusimamia usaili wa mhasibu na kumfundisha mwenyekiti kuendesha kikao kigumu. Mtu huyo kwa sasa hana bajeti: kampuni haiwezi kumlipa bila kutiliwa shaka, na wanachama hawajazoea kukatwa fedha ya tani kwa ajili ya ushauri.

Ng'ambo ya mto, kwenye milima ya Mahenge, madini ya kinywe yanasubiri kuchimbwa na kampuni ambayo serikali ina hisa ndani yake. Kanuni za 2018 zinaitaka iwe na mpango wa ajira na mafunzo, wenye majina na tarehe za Watanzania kushika vyeo vya wageni. Jedwali la kwanza likipelekwa Tume ya Madini, safu ya kuangalia ni ile ya tatu: kama imejaa kozi za Dar es Salaam, au inaonyesha mtambo gani, zamu ipi na bajeti kiasi gani mzawa atakabidhiwa, na kuanzia mwezi gani.